Chupa ya Nambunda

Tulipomzika Mzee Chilumba kwenye shamba lake la mikorosho, nje kidogo ya Chidya, mtu mmoja aliyewahi kufanya naye kazi idara ya maji alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Aliusoma vizuri, kwa sauti iliyotulia: amezaliwa, amesoma, ameoa, ametumikia, amestaafu. Kisha akakunja karatasi na kuongeza ya kichwani mwake. Alisema marehemu aliyajua mawe na maji kuliko mtu yeyote kusini yote, na kwamba katika kazi yake ndefu alikosea mara moja tu, pale Nambunda, na alikiri mwenyewe mbele za watu, jambo ambalo wakubwa wengi hawaliwezi. Waombolezaji wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa kwenye mkeka wa wanawake, kanga imenifika kwenye nyusi, mdomo nimeufunga kama nilivyoufunga miaka yote. Hakukosea. Aliyekosea ni mimi, na kosa langu lilikuwa neno moja, "ndiyo", siku niliyotakiwa kusema "hapana". Nilitaka kusimama niseme. Wimbo ukaanza, na wanaume wakashika majembe.

Ndiyo sababu naandika habari za mwaka ule mmoja. Yapo mengine maishani mwangu, mazuri na ya kuchekesha, lakini hayo hayana mtu anayeyadai. Zainabu, ambaye mtamwona humu, nilikwenda kumwambia kwa mdomo wangu kabla sijashika kalamu. Alichonijibu ni chake na sitakiandika. Mzee mwenyewe alinikataza kusema, nami nilimtii mpaka siku ile nilipomsikia akizikwa pamoja na kosa langu. Marehemu hawezi kunikataza mara ya pili.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo, nina mkataba wa mwaka mmoja. Zilikuwa zama za ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Masasi ilijaa mitumba na sabuni za rangi rangi, malori ya wanunuzi binafsi wa korosho yalipishana barabarani, na kila ofisi ya serikali ilikuwa na uvumi wa orodha ya watakaopunguzwa. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja chini ya majabali, chenye joto la tanuri kuanzia saa nne asubuhi, kwa sababu mawe yale hunywa jua na kulitapika kwenye madirisha ya watu. Bwana Chilumba, wakati ule bado hajawa mzee wa mtu, alikaa nyuma ya meza iliyojaa vipande vya mawe alivyoviandika namba kwa rangi nyeupe. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na tabia ya kulamba kidole na kukigusisha kwenye jiwe kavu ili aone rangi yake halisi. Wenzake walimtania kwamba anayaonja. "Nayaonja," alikuwa akijibu, "na ninyi mngeyaonja msingechimba visima vikavu."

Siku yangu ya kwanza alinipa chupa nyeupe ya plastiki, ngumu, yenye kifuniko cha skrubu. Akaniuliza ninajua maji yana umri. Nikasema sijui. Akaniambia kwamba zamani, kabla sijazaliwa, mataifa makubwa yalilipua mabomu angani, na tangu hapo kila mvua inayonyesha duniani imebeba alama ndogo sana, haina rangi, haina ladha, haimdhuru mtu, ila mashine za kule ng'ambo zinaiona. Maji yaliyozama ardhini kabla ya hapo hayana alama. "Kwa hiyo kisima kikiwa na alama, ujue mvua ya miaka hii inakifikia," alisema. "Hayo ni maji machanga. Ni kama korosho: mwaka huu umeokota, mwakani mti unazaa tena. Kisima kisichokuwa na alama kina maji mazee, yamekaa humo tangu enzi ambazo hata mababu hawazijui. Hayo ni kama mti wenyewe. Ukiukata, kuni umepata, lakini umemaliza." Kisha akanifundisha kujaza. Suuza chupa mara tatu kwa maji ya kisima kilekile. Jaza mpaka yafurike, kisibaki hata kiputo kimoja cha hewa. Funga, zungushia utepe, andika jina na saa. Usichanganye. Neno hilo la mwisho alilisema mara mbili, na mimi nililiandika kwenye daftari langu na kulipigia mstari.

Kazi yenyewe ilikuwa Nambunda. Hiyo ilikuwa chemchemi chini ya mteremko wa uwanda, upande wa Newala, na kijiji kilichoitumia kilikuwa juu ukingoni, ambako mchanga unameza mvua yote na hapana mto wala bwawa. Wanawake walishuka na ndoo tupu na kupanda na ndoo kichwani, na njia ilikuwa imechimbika kwa nyayo zao mpaka imekuwa mfereji. Hatua kadhaa kutoka chemchemi, idara ilikuwa imechimba kisima kirefu, na mpango ulikuwa kuweka injini ipandishe maji mpaka mjini. Swali lilikuwa moja: injini ya ukubwa gani? Kama maji ya chini yalikuwa machanga, iwekwe kubwa, ivute mchana kutwa. Kama yalikuwa mazee, iwekwe ndogo, ivute saa chache tu kwa siku, maana chemchemi ilinyonya ziwa hilohilo la maji ya chini na ingekauka. Bwana Chilumba alikuwa amekwisha pita mteremko wote na nyundo yake, na mawe yalimwambia kwamba juu ya mchanga ule wenye maji kumelala tabaka nene la udongo wa mfinyanzi ambalo mvua haipiti. Aliamini ni maji mazee. Ila wakubwa hawakutaka kusikia habari ya mawe, walitaka kipimo, na kwa kuwa fedha za utafiti zilikuwa zimekatwa, maabara ya ng'ambo ingepokea chupa moja tu kwa kila kisima.

Nilipangiwa chumba kijijini, kwa mjane aitwaye Mama Zainabu. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, lakini aliiezeka kwa bati jipya, na bati lile halikuwa kwa ajili ya fahari. Pembezoni alikuwa amefunga mifereji ya bati lililokunjwa, inashuka mpaka kwenye kisima cha saruji kilichochimbwa uani, chenye mfuniko wa chuma na kufuli. Kule juu huko ndiko kuwa na mali: kuwa na mvua ya masika umeifungia kufuli. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, meza ya mninga yenye mguu mmoja mfupi, na dirisha dogo lililoelekea jikoni, kwa hiyo nilisikia kila lililosemwa mekoni kabla sijaamka. Asubuhi niliamshwa na harufu ya ming'oko, mizizi ya porini, inayochemka na chumvi, na sauti ya Zainabu, binti wa miaka kumi na minne, akikariri masomo huku akisugua sufuria kwa mchanga mkavu. Maji ya kusuuzia mchele yaliosha vyombo, yaliyoosha vyombo yakanyweshwa kuku. Mimi mtu wa Lisekese, karibu na Masasi, niliyezoea kuchota bila kufikiri, wiki ya kwanza nilimwaga maji ya kunawa uso mlangoni. Mama Zainabu hakunigombeza. Alitazama lile doa kwenye mchanga mpaka likakauka, akaniambia, "Mwanangu, hapo umemwaga safari ya ntu." Alisema "ntu" kama wasemavyo Wamakonde wa juu kule, na sijawahi kumsikia mtu mwingine akilitamka neno hilo kwa heshima namna ile.

Kulikuwa na jirani aitwaye Bi Fatu, ambaye yeye na Mama Zainabu hawakusemeshana kwa ajili ya mbuzi aliyekula miche ya mihogo. Siku moja Bi Fatu alipata wageni wa ghafla, hana maji, akaja mwenyewe mpaka uani na ndoo yake, akaiweka chini na kutazama pembeni. Mama Zainabu akafungua kufuli. Alichota akajaza ndoo mpaka maji yakasimama juu ya ukingo, akaongeza kikombe kingine, yakamwagika kidogo chini, na huyu ndiye mtu aliyehesabu matone. Bi Fatu alipoondoka nilimwuliza kwa nini hakumpa nusu, maana kisima kilikuwa kimeshuka na mvua bado iko mbali. Alinishangaa. "Maji, mwanangu, unampa ntu au unamnyima. Kumnyima ni haki yako. Lakini ukimpa chombo nusu umemtukana, yeye na waliomtuma." Jioni ile nilimsikia kupitia dirishani akimweleza Zainabu jambo lilelile, polepole, kwa Kimakonde na Kiswahili mchanganyiko, kama mtu anayekabidhi urithi. Nililala nikifikiri ni desturi nzuri. Naam, ni nzuri, mpaka leo nasema ni nzuri.

Wiki mbili kabla ya siku ya chupa nilikwenda Masasi kupeleka taarifa. Nilikuwa kwenye korido nangoja muhuri, na makarani wawili ndani walikuwa wakizungumza juu ya orodha. Mmoja alisema wa mikataba ndio watakaoanza kuondoka, asiye na dosari labda atabakizwa. Mwenzake akasema, "Yule binti wa Chilumba? Akiharibu kitu kimoja tu, kwaheri." Wakacheka bila ubaya wowote. Nilipokea muhuri wangu nikarudi Newala na maneno yale tumboni. Sitaki msomaji anihurumie kwa hayo. Wengi walikuwa na hofu hiyo mwaka ule, na hawakufanya nililofanya.

Siku ya chupa ilikuwa katikati ya kiangazi. Nilishuka Nambunda asubuhi na fundi wa injini, tayari kichwa kinaniuma na viungo vimelegea. Injini ikavuta, nikaacha maji yatoke kwa muda ulioagizwa, nikasuuza chupa mara tatu, nikaanza kujaza. Yalipofika nusu, injini ikakohoa ikazima. Fundi akaifungua, akatikisa kichwa, akasema kipuri mpaka kitoke Mtwara, lakini kesho angejaribu kuifunga kwa waya ivute japo kidogo. Nikaona basi, chupa nitaisuuza na kuijaza upya kesho. Nikaifunga ili vumbi lisiingie, nikapanda nayo mteremko, na sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka Mama Zainabu akinivua viatu. Malaria ilinishika siku nzima na usiku wake, na chupa ilikuwa juu ya meza ile yenye mguu mfupi, nusu, haina utepe, haina jina.

Asubuhi yake Bakari, dereva wa Landrova ya idara, akapita kukusanya chupa za mwezi ule. Alikuwa amekuja siku mbili kabla ya ratiba, kwa sababu gari lilitakiwa kwingine. Mimi nilikuwa nikiweweseka. Lililotokea niliambiwa alasiri, homa ilipopungua na jasho kunitoka, na aliyeniambia ni Mama Zainabu mwenyewe, amekaa kwenye kigoda na bakuli la uji, uso umemng'aa.

"Bakari kaja kuchukua chupa zako," alisema. "Usihangaike. Nimempa zote, na ile ya Nambunda."

"Mama, ile haikuwa imejaa."

"Nimeona. Nikasema lahaula, ntoto anaumwa, aibu itatupata. Chupa inakwenda kwa watu wa mbali, ng'ambo huko, waione Newala tumewapa maji nusu? Nikafungua kisima changu nikaijaza mpaka pomoni. Na ule utepe nikauzungusha kama unavyofanya wewe. Zainabu kaandika jina, mwandiko wake mzuri."

Nilimtazama. Alikuwa amenipa maji yake ya kiangazi, yaliyofungiwa kufuli, yale ambayo mimi nilimwaga mlangoni. Mvua ya mwaka ule, yenye alama yake, ilikuwa imeingia nusu kwa nusu kwenye chupa ya Nambunda na kufungwa vizuri sana. Nikamwambia, "Ahsante, Mama." Akanilisha uji kwa kijiko.

Nilijua kilichopaswa kufanyika. Bakari angekaa Masasi siku tatu kabla chupa hazijapelekwa Dar. Kulikuwa na simu ya upepo wilayani, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na hata kama miguu yangu ilikataa, Zainabu angekwenda na kikaratasi. Siku ya kwanza nilijiambia bado naumwa. Siku ya pili nikajiambia ni kikombe tu cha maji, mashine za wazungu zitajua lipi ni lipi. Siku ya tatu niliamka mzima kabisa, nikaoga kwa kopo moja, nikakaa kwenye kitanda cha kamba nikasikiliza Mama Zainabu akimsimulia Bi Fatu, maana walikuwa wamepatana tangu siku ya ndoo, jinsi maji yake yalivyokuwa njiani kwenda Ulaya. Walicheka mpaka wakakohoa. Nikawaza orodha, nikawaza dosari moja, nikawaza pia aibu ya mama yule nikimwambia kwamba hisani yake imeharibu kazi. Hiyo ya tatu ndiyo niliyoikumbatia, kwa sababu ilionekana kama wema. Siku ikapita. Fundi alikuwa ameifunga injini kwa waya na ilivuta vizuri tu, nami sikushuka.

Majibu yalikuja katikati ya masika. Bwana Chilumba aliyaleta mwenyewe mpaka kwa Mama Zainabu, ameloa mpaka magotini, bahasha ameiweka ndani ya shati. Tulikaa sebuleni. Mvua ilikuwa ikipiga bati kiasi kwamba watu walisemezana kwa kuinamiana. Mama Zainabu alikuwa uani chini ya upenu, anapanga mabeseni mahali mfereji unapovuja, na ukuta ndio uliotutenganisha. Bwana Chilumba alifungua karatasi kwenye goti. Akasema, "Ni maji machanga, Roda." Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba nduguye si nduguye. Akatoa mfukoni kipande cha jiwe la mfinyanzi alichokichukua mteremkoni, akakigeuza geuza. "Mawe yananiambia neno moja, chupa inaniambia jingine. Sasa mawe nayasoma mimi, na mimi ni mtu, naweza kuona ninachotaka kuona. Chupa haina inachotaka." Kisha akainama karibu, maana mvua ilikuwa imezidi, akaniuliza, "Hii ya Nambunda uliijaza wewe mwenyewe? Mpaka mwisho?"

Nikasema, "Ndiyo."

Angeuliza kwa sauti kubwa kidogo, Mama Zainabu angeitikia kutoka uani, kwa furaha, na mambo yangekwisha hapo. Nimeusikia ukimya ule wa kwake kwa miaka thelathini. Bwana Chilumba alinitazama kidogo tu, akarudisha jiwe mfukoni. Chakula kikaletwa, ugali wa muhogo na majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, na nilimwona akila kwa utulivu wa mtu aliyekwisha amua. Alikuwa na mawe ishirini na moja yenye namba, kila moja amelibeba mgongoni, na aliyaweka yote pembeni kwa sababu ya neno langu. Kabla ya kuondoka alimshukuru Mama Zainabu kwa kunitunza nilipougua. Mama akamwambia, "Ni ntoto wetu huyu, Bwana."

Mkataba wangu uliongezwa, kisha nikaajiriwa kabisa na kuhamishiwa Lindi. Injini kubwa iliwekwa, ikavuta mchana kutwa, na mjini watu walipiga vigelegele kwenye mabomba. Mwaka wa tatu wanawake wa kijiji walishuka Nambunda wakakuta matope. Walichimba kwa mikono, yakatoka kidogo, yakakoma. Halafu injini nayo ikaanza kutoa mchanga, na baadaye hewa. Ikabidi wanawake waendee chemchemi nyingine, mbali, mteremko mkali wa mawe, na huko ndiko Mama Zainabu alikoanguka na ndoo kichwani akavunjika nyonga. Haikuunga vizuri. Alitembea kwa fimbo maisha yake yote yaliyobaki, na Zainabu mwenye mwandiko mzuri aliacha shule kidato cha pili ili kumwuguza na kumchotea maji. Haya yote niliandikiwa na Bakari, kwa barua za ukurasa mmoja mmoja, na kila barua niliisoma nimesimama.

Ni Bakari huyohuyo aliyeniandikia kwamba Bwana Chilumba alikwenda kijijini kwa hiari yake. Hakutumwa na mtu, ofisi ilikuwa imekwisha mpumzisha. Alisimama mkutanoni akavua kofia, akasema yeye ndiye aliyeshauri injini kubwa, mawe yalimwonya naye hakuyasikiliza, kosa ni lake, wasimtafute mwingine. Watu walikasirika, wengine walimzomea. Mama Zainabu alinyanyuka na fimbo yake na kuwanyamazisha. Kisha akamwambia, "Mzee, wewe si Mungu. Njoo ule." Tangu hapo kila msimu wa korosho Mzee Chilumba alitoka Chidya kwenda kumjulia hali, na Mama alimlaki kwa ugali, na kumwombea dua mbele za watu ili Mungu ampunguzie uzito wa kosa lake. Nami Lindi nilikuwa nikipanda vyeo. Nilimtumia Mama Zainabu kanga na sukari, na yeye alinirudishia kochoko, mabibo makavu, mfuko umejaa mpaka haufungiki.

Mama Zainabu alifariki miaka mitatu iliyopita. Mazikoni sikuwahi, nilikwenda arobaini. Nilifika Newala na basi la asubuhi, nikachukua bodaboda mpaka ukingoni. Bati la nyumba lilikuwa limeshika kutu, mifereji imebadilishwa, kisima kipo palepale na kufuli jipya. Mzee Chilumba alikuwa amekwisha fika, amekaa kwenye kiti karibu na mlango, kwa sababu watu wa nyumba ile walimheshimu Mkristo yule kama mjomba. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, Roda. Umezeeka nawe." Alinishika mkono kwa mikono miwili. Dua ilisomwa, kisha watu wakaanza kumkumbuka marehemu, kila mmoja na kisa chake, na vilikuwa visa vya kuchekesha, maana mwenyewe alikuwa mcheshi. Bi Fatu, amebaki macho tu na mifupa, akasimulia habari ya mbuzi. Halafu Zainabu akasema, "Na ile chupa ya Ulaya je?"

Niliweka kikombe chini. Zainabu alisimulia vizuri, kwa sauti ya mama yake: dada Roda amelala na homa, Bakari anapiga honi, chupa ya Nambunda iko nusu, na Mama anaona aibu ya kuwapa wazungu maji nusu, anafungua kisima hiki hiki, anaijaza mpaka pomoni. "Na jina niliandika mimi," alisema. "Mama mpaka anakufa alikuwa anasema, maji yangu yalipanda ndege, mimi sijapanda." Watu walicheka, wanawake wakapangusa machozi, ya kicheko na ya msiba pamoja. Mimi nilimtazama mtu mmoja tu. Mzee Chilumba alikuwa akitabasamu na wenzake, kisha tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. Alitazama chini muda mrefu. Akasimama, akaegemea fimbo yake, akatoka uani.

Nilimkuta kando ya kisima cha saruji. Ameweka kiganja juu ya mfuniko wa chuma.

"Maji ya humu?" aliuliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Ulijua lini?"

"Siku ileile. Alasiri."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama anayehesabu. "Mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Sikuomba msamaha. Nilikuwa nimeutayarisha kwa miaka yote, na pale mbele yake maneno yalikuwa madogo mno. Nililia tu, bila sauti, kwa kuwa ndani kulikuwa na watu. Yeye hakulia. Alilamba kidole, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu Masasi, akakigusisha kwenye saruji ya kisima, akaangalia lile doa likikauka. "Kumbe mawe yalisema kweli," alisema. Kisha akasema, "Mke wangu amekufa akinibembeleza nisijilaumu." Nilitaka kushika mkono wake, akauondoa, si kwa hasira, aliuhamishia kwenye fimbo. "Zainabu asijue. Mama yake aliniombea mimi miaka yote. Ukisema leo, itakuwa alikuwa anajiombea mwenyewe. Mwache apumzike. Watu wa huku wamenizoea hivi nilivyo."

Tukaitwa chakula. Kwa desturi mdogo ndiye anayewanawisha wakubwa, na Zainabu, asiyejua lolote ila kwamba Mzee alikuwa mkubwa wangu wa kazi, alinipa jagi na beseni nianze na Mzee. Nikapiga goti mbele ya kiti chake. Nikainua jagi na kungoja. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na ilibaki pale pale. Alitazama juu ya kichwa changu, kwenye mlango, kwa utulivu, kama mtu anayengoja gari. Watu walikuwa wameanza kutuangalia. Zainabu akasogea, akaniwekea mkono begani.

"Dada, nipe mimi, utamwaga."

Nikampa jagi. Ndipo Mzee Chilumba akanyoosha mikono.